Ghala la Mama Mkwe

Pale hospitalini walimwita Mama Maghala, jina lililomletea usumbufu kuliko sifa. Haikupita wiki bila muuguzi mpya kugonga mlango wake kuomba glavu au mashuka, akidhani amefika stoo. "Stoo iko chini, mwanangu, mlango wa kijani," alikuwa akimwambia. "Hapa ni kwa kompyuta." Kisha hurudi kwenye kiti chake chenye mto uliobonyea katikati, akaendelea na kazi ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa ya maghala kwelikweli.

Kompyuta zote za hospitali ile ziliendeshwa na mfumo wa bure, ule ambao programu zake hazinunuliwi dukani bali huchukuliwa kwenye maghala ya mtandaoni. Liko ghala kuu, la wenye mfumo wenyewe, ambako kila kifurushi cha programu kimejaribiwa kikajaribiwa tena kabla ya kuwekwa rafuni. Halafu yako maghala ya pembeni: la watu wa maabara, la watengeneza printa, la mtu mmoja tu, huko aliko, anayetengeneza kitu kimoja anachokipenda. Fundi huiambia mashine ichukue hapa, na hapa, na pale. Utamu wa mfumo ule ni huo, na balaa lake ni hilohilo, maana mashine haijui mwenyeji wala mgeni. Ikikuta kifurushi kimoja kwenye maghala mawili, huchukua chenye namba ya toleo iliyo kubwa zaidi, basi, imemaliza. Kwake kipya ndicho kizuri. Wauza simu nao wana imani hiyohiyo.

Mama Maghala hakuwa na imani hiyo. Kila ghala alilipa cheo chake. Ghala kuu lilikaa juu, na kila lililoongezwa baadaye liliandikiwa mstari wa kulibana: utatoa kile nilichokutajia kwa jina, kingine chochote kaa nacho. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alikuwa akisema huku akiuandika mstari huo, na kwa kuwa chumbani mwake hapakuwa na mtu wa pili, alijiitikia mwenyewe.

Alikuwa mtu wa mpangilio hata nyumbani. Mikebe ya jikoni ilibandikwa karatasi, chumvi ni chumvi, sukari ni sukari, na mumewe alikuwa akilalamika kwa wageni kwamba anaogopa kulala kifudifudi asije akaamka na karatasi mgongoni. Kazini alikuwa na desturi ya kufagia. Mashine ikishasakinisha kifurushi hubaki na nakala yake uvunguni, nayo Mama Maghala hakuvumilia takataka. Alizifuta zote, mashine baada ya mashine, akisema kompyuta si kabati la bibi.

Mtu mmoja tu aliugomea usafi huo, naye alikuwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe, na alifanya kazi palepale hospitalini, chumba cha simu. Macho yalimpotea ujanani kwa ugonjwa. Mama Maghala alipoolewa katika familia ile, alimkuta ameketi dirishani na redio siku nzima, watu wakipita mbele yake kana kwamba ni sehemu ya kiti. Bibi harusi yule mwenye mdomo hakuweza kustahimili. Alileta kompyuta kuukuu, akaiweka sebuleni kwa mama mkwe, akasakinisha programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti ya Kiswahili ilitoka kwenye kighala kidogo cha mtu asiyemfahamu, aliyeitengeneza akaiweka bure. Ilikuwa sauti ya mama wa makamo, iliyonyooka, yenye ukali kidogo mwishoni mwa sentensi. Familia nzima ikaiita Shangazi.

Mwanzoni Shangazi alisoma taratibu. Baadaye Shemeji akamwongeza mwendo, akamwongeza tena, mpaka ikawa wengine wakimsikia wanasikia cherehani tu. Yeye alielewa kila neno. Ndipo Mama Maghala alipomwendea msimamizi wa zamani wa hospitali akamwambia kuna mtu anayeweza kushika chumba cha simu, na mashine yake ikiharibika atafutwe yeye Mama Maghala, si mwingine. Shemeji akapewa kazi. Watu wakipiga simu kuuliza daktari fulani yuko zamu au mgonjwa fulani yuko wodi gani, Shemeji alichapa jina, Shangazi akamnong'oneza jibu sikioni, naye akaunganisha. Namba alizijua kwa kichwa, lakini zamu na wagonjwa hubadilika kila siku. Hapo bila Shangazi hakuwa na pa kushika.

Sasa ikaja Ijumaa ile. Mfamasia alikuja analia na printa ya lebo za dawa, iliyokuwa ikikata maneno katikati, mgonjwa anasoma "kunywa mara" asijue mara ngapi. Dawa ya printa ilikuwa programu mpya, ambayo ghala kuu lilikuwa halijaipokea. Ilikuwa kwenye ghala moja la watu wenye haraka, wanaoweka kitu rafuni kikiwa bado kinafuka moshi. Mama Maghala akaliongeza. Kwa kuwa alipenda mashine zake zote zivae sare, aliliongeza kwa zote kwa mkupuo mmoja. Akaweka vidole tayari kuandika mstari wa kamba, na hapo simu ikalia.

"Shemeji," sauti ikasema, "nasikia kaka ananenepa. Unampa chakula changu?"

"Chakula chako ni kile unachokula kila Jumapili, halafu sahani unaiacha mezani."

"Mimi sahani siioni."

"Sahani huioni, lakini kipande cha nyama kilichojificha chini ya sufuria unakiona!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alipoweka simu chini, aliona ghala limeongezwa na printa inatoa lebo nzima nzima, mfamasia anashukuru. Akafunga mashine akaenda nyumbani. Mstari wa kamba haukuandikwa.

Kompyuta za hospitali zilikuwa zimepangwa kujisasisha zenyewe siku za mapumziko, bila kumsumbua mtu. Zikajisasisha. Jumatatu asubuhi Mama Maghala alikuwa hajavua hata mkoba begani simu ilipolia.

"Shemeji, Shangazi yuko wapi?"

"Kwani hayupo?"

"Njoo."

Chumba cha simu kilikuwa karibu na ngazi, chembamba, na dirisha lililotazama ukuta. Shemeji alikuwa ameketi wima, waya wa vifaa vya masikioni akiuzungusha kidoleni, anaufungua, anauzungusha tena. Simu zilikuwa zimeelekezwa kwa dada wa mapokezi, na sauti yake iliyokwishakasirika ilisikika mpaka pale. Mama Maghala akavaa vile vifaa. Mwanamume mmoja, ambaye Kiswahili hakikuwa chake hata kidogo, alikuwa akisoma orodha ya madaktari wa zamu kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Alijua kabla hajagusa kibonye. Mgeni asiyefungwa kamba alikuwa ameingia akatembea nyumba nzima. Ghala la wenye haraka lilikuwa na toleo jipya la programu ya sauti, namba yake kubwa, mashine ikalichukua. Toleo hilo jipya halikuelewana na Shangazi, na mashine, kwa utiifu wake wa kijinga, ikamtoa nje. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuwa amekuja mwenyeji akafukuzwa.

"Na leo ndiyo leo," Shemeji akasema kwa sauti ya chini.

Msimamizi mpya wa hospitali alikuwa ameletewa pendekezo la kufunga mashine ya kupokea simu, ile ya bonyeza moja, bonyeza mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesema hataamua kwa karatasi. Atakuja mwenyewe chumba cha simu Jumatatu baada ya chakula cha mchana, aketi, asikilize kazi inavyokwenda. Jumatatu yenyewe ndiyo hiyo.

"Shemeji, usinifiche," akasema yule ndugu wa mumewe, na safari hii hapakuwa na utani. "Anarudi, harudi?"

"Anarudi."

Alilitoa neno hilo kabla hajajua kama ni kweli, na akapanda ngazi akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata mbele ya mashine. Mashine zinaharibika, zinatengenezwa, hakuna aliyekufa. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kwenye kile kiti cha dirishani kwa sababu ya neno lake, na sasa vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinamrudisha.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi. Alimfunga mgeni kamba, mstari ukaandikwa, akaiamuru mashine irudie toleo la zamani la programu ya sauti kutoka ghala kuu. Ikarudi bila ubishi. Kilichobaki ni Shangazi mwenyewe. Akabisha hodi kwenye kile kighala kidogo alikomtoa zamani. Kimya. Akabisha tena. Mlango haukuwepo, wala nyumba. Pengine mwenyewe alichoka, pengine alipata mapenzi mengine, pengine hayupo tena duniani. Hapakuwa na wa kumuuliza. Akageukia uvunguni mwa mashine, mahali nakala za vifurushi hubaki. Peupe. Akakagua mashine ya pili, ya maabara, ya masjala. Kote peupe, pamefagiwa vizuri.

"Usafi wangu mwenyewe," akasema kwa sauti, mikono kichwani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Halafu akajiuliza swali la maana: katika maisha yake yote, kompyuta chafu kuliko zote aliyoijua ni ipi? Hakumaliza kujiuliza. Alikuwa ameshachukua mkoba.

Ile kompyuta kuukuu ya sebuleni kwa mama mkwe ilikuwa bado hai. Shemeji aliitumia jioni kusomewa magazeti, na kwa miaka walikuwa wakigombana juu yake. Kila Mama Maghala alipotaka kuisasisha na kuifagia, shemeji yake alikalia kibodi. "Inafanya kazi," alikuwa akisema. "Kisichokuwasha usikikune." Na yeye Mama Maghala alimwita mshamba, mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alipomwona mkwewe anakuja mbio mbio saa za kazi, sinia likamtoka mapajani.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Shangazi kapotea."

"Shangazi yupi, wa kwetu au wa kompyuta?"

"Wa kompyuta."

"Wa kwetu hapotei hata ukimtaka," mama mkwe akasema, akaanza kukusanya mchele wake. "Ingia, ingia."

Mashine ilikuwa pembeni ya kochi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa palikuwa na dawa za miguu, soksi moja na rimoti isiyo na betri. Mama Maghala akaviondoa kwa heshima, akawasha. Ikachukua muda wake kama mzee anayenyanyuka kitini, kisha ikadai nywila. Akampigia Shemeji.

"Nipe nywila ya hapa nyumbani."

"Lazima?"

"Shemeji!"

"Haya. Sisasishi. Neno moja, herufi ndogo zote."

Akaichapa, akijua vizuri nywila hiyo ilitungwa kwa ajili ya nani. Skrini ikafunguka na kumwomba, kama ilivyokuwa ikimwomba kila mtu kwa miaka, isasishwe. Akaipita. Akaenda moja kwa moja uvunguni, na humo akakuta kila kitu kilichowahi kuingia katika mashine ile tangu siku ya kwanza, kimerundikana, hakikuguswa. Alishuka na rundo lile jina kwa jina, pumzi ameibana, na alipoliona jina analolitafuta alipiga kelele moja mpaka mama mkwe akaja na mchele mkononi.

"Umempata?"

"Nimempata, mama. Yupo mzima. Mwanao hakufuta hata kitu kimoja."

"Akiba haiozi," akasema mama mkwe. "Ndiyo maana na mimi sitaki mtu aguse kabati langu."

Mama Maghala alinakili kifurushi kwenye flashi, akainakili tena kwenye flashi ya pili, akaziweka mifuko tofauti, akambusu mama mkwe shavuni na kuondoka. Kwenye shule ya karibu kengele ya chakula cha mchana ilikuwa inalia.

Hospitalini hakumsakinisha Shangazi tu akaondoka. Alijua akimwacha hivyo, Jumapili nyingine mashine itamtoa tena. Kwenye kompyuta kuu ya hospitali alitengeneza ghala jipya, dogo, lenye kifurushi kimoja ndani, akalipa cheo cha juu kuliko maghala yote, hata lile kuu. Mashine ikauliza ghala liitwe nani. Akafikiri kidogo, akaandika: mama-mkwe. Katika familia ile kila mtu alijua neno la nani likisemwa mengine yananyamaza.

Kisha akashuka chumba cha simu, akasakinisha, akampa Shemeji vifaa vya masikioni. Alimwona akivaa, akichapa herufi chache, akiinamisha kichwa. Shangazi alianza kwa mwendo wake wa kuzaliwa, taratibu, akitaja madaktari wa zamu mmoja mmoja kwa ule ukali wake mdogo. Kibonye cha kuongeza mwendo kilikuwa chini ya kidole chake, lakini Shemeji hakukibonyeza. Alimwacha asome orodha nzima polepole, mpaka jina la mwisho. Mama Maghala aligeuka akatazama ukuta wa dirishani.

"Karibu nyumbani," Shemeji akasema, sijui akimwambia nani kati yao wawili. Kisha akaongeza mwendo, cherehani ikaanza.

Msimamizi alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa kona, akaomba asijaliwe. Simu zikaingia. Mwanamke mmoja alipiga hajui hata aanzie wapi. Mumewe kaletwa asubuhi na majirani, haambiwi kitu. Shemeji alimwuliza jina taratibu, akachapa, akasikiliza. "Yupo, mama. Yupo wodi ya wanaume, amelazwa. Usikate simu, nakuunganisha na muuguzi aliye karibu naye, na ikikatika piga tena, nitakuwa hapahapa." Akaunganisha. Msimamizi akaomba kusikia kile anachosikia yeye. Akavaa vifaa, akakunja uso, akavua.

"Unaelewa hiki?"

"Nimelelewa nacho," Shemeji akajibu.

Msimamizi akacheka. Alikaa kwa simu kadhaa nyingine, kisha akasimama na kumgeukia Mama Maghala. "Na mashine hii ikiharibika?"

Angeweza kusema haiharibiki. Ulimi ulikuwa tayari. "Imeharibika leo asubuhi," akasema. "Na niliyeiharibu ni mimi. Niliingiza ghala jipya bila kulibana. Sasa nimelibana, na nakala nimeweka humu ndani na nje."

"Ndiyo maana mapokezi walikuwa wananifokea." Msimamizi akanyanyua kiti chake. "Haya. Chumba kibaki. Ile mashine ya bonyeza moja siihitaji. Lakini nakala ziwe mahali ninapopajua na mimi."

"Ziko kwa mama mkwe," Shemeji akadakia, na Msimamizi akaondoka akidhani ni utani.

Jumapili familia ilikutana kwa mama mkwe kama kawaida. Walipomaliza kula, Mama Maghala alikaa kibarazani na mama mkwe, miguu ameinyoosha, roho yake imetulia. Alikuwa amemweleza Shemeji kila kitu, hata ile simu ya Ijumaa, na Shemeji alikuwa amefurahi mno kusikia kwamba lawama ni nusu kwa nusu. Ndipo kutoka sebuleni ikasikika sauti ya Shangazi, imefunguliwa mpaka juu.

"Kuna masasisho mapya. Ungependa kusakinisha sasa?"

Na sauti ya Shemeji ikafuata, imejaa toba. "Shemeji! Miaka yote umenisihi, nami nikawa mbishi. Leo nimekubali. Nasasisha!"

Mama Maghala aliruka viatu vikabaki kibarazani. "Usiguse!" alipiga kelele akipita mlangoni. "Usiguse, nakwambia, toa mkono hapo!"

Sebuleni kiti cha mbele ya kompyuta kilikuwa kitupu, na swali la Shangazi bado liko kwenye skrini, halijaguswa. Mumewe kwenye kochi alikuwa amejiziba mdomo kwa mto. Mama Maghala akafuata kicheko mpaka jikoni, na huko akamkuta Shemeji amesimama mbele ya beseni, povu mpaka viwikoni, anasugua sahani yake.